Shati la Bwana Harusi

Angèle alikisugua kitenge kati ya vidole viwili, akakilowesha pembe kwa mate, kisha akakikandamiza kiganjani aone kama rangi itatoka. Haikutoka. Moyo ukamuuma, maana vitambaa vyote vya kabla ya hicho alikuwa amevikataa kwa kisingizio hicho hicho, na sasa kisingizio kimekwisha.

"Hii iko muzuri," wifi yake Marcelline akasema nyuma yake. "Nyeusi na buluu, inafaa. Tukamate hii, Mama Glodie. Lori haitatungoya."

Marcelline alikuwa dada mkubwa wa Alphonse, mume wa Angèle, na ndiye aliyekata shauri. Alphonse mwenyewe amelala Likasi, kifua kimembana tangu mvua za kwanza, na daktari alishasema waziwazi kwamba dawa hakuna, na hata ingekuwapo, wamechelewa. Basi ukoo ukakaa kikao. Siku ya kilio jamaa wote huvaa nguo moja, ndiyo heshima ya marehemu. Maduka ya vitambaa ya Likasi yalikuwa yameporwa wakati wa fujo yakabaki mbao tupu. Lori la muumini mmoja wa kanisa lao lilikuwa linakwenda mpakani, Kasumbalesa, na hakuna aliyejua litakwenda tena lini. Wakamtuma Angèle kwa sababu ndiye mshonaji. Waswahili husema usikate kanzu na mwana hajazaliwa. Haya, na anayenunua nguo ya kilio mtu angali anaomba uji, huyo aambiwe nini?

Angèle alijua jambo moja. Kitambaa kile kikiingia nyumbani, yeye mke ndiye atakuwa amekubali. Na mpaka dakika ile hakuwa amekubali.

Mwenye kibanda, mama mnene wa upande wa Zambia, aliiona mikono ikisita.

"Ni ya ndoa, bamayo?" akauliza, akimwita mama kwa lugha ya kwao.

"Ndiyo," Angèle akajibu kabla Marcelline hajafungua mdomo. "Ni ya ndoa."

"Na bwana harusi njo nani?"

"Alphonse."

Mama yule akapiga kigelegele, na vibanda vya jirani vikamwitikia bila kujua ni furaha ya nani. Akapima kitambaa kwa mkono, akikivuta kutoka puani hadi ncha ya kidole, na alipofika mwisho akaongeza kipande kizima juu yake, cha kutosha shati. "Hii ya shemizi ya bwana harusi," akasema. "Minamupa minye mwenyewe." Marcelline akageuza uso.

Zamani Kasumbalesa ilikuwa starehe. Mshahara ukitoka, Alphonse, kijana wa machimbo ya mawe ya Kakontwe, kifua kipana hata vifungo vya mashati ya dukani vilikataa kufungika, alimchukua mkewe mpya wakapanda basi. Wakavuka kizuizi cha mpakani, wakala kuku wa kuchoma na bukari, ugali wa kwao, wakanywa munkoyo, kile kinywaji cha mahindi chenye uchachu, wakakaa kutazama ngoma za upande wa pili mpaka dereva awatafute kwa honi. Huko ndiko alikomnunulia mkasi mkubwa, mzito, unaokata kwa sauti ya mtu anayetafuna muwa. "Na hii hautalala njaa," alimwambia. Hakusema uongo. Tangu mishahara ilipokufa, mkasi ule ndio uliolisha nyumba.

Safari hii, wakati lori linapakia unga, Angèle aliagiza kuku yule yule. Akalifunga paja kwenye karatasi, akaliweka juu ya bunda la kitenge. Marcelline alikula. Usimhukumu, alikula machozi yakimtoka, kamasi nayo, na alipomaliza akalamba vidole akasema kuku amezidi chumvi. Ngoma zilikuwa zikilia pale pale, ng'ambo ya kizuizi, na hakuna hata mmoja wao aliyegeuza shingo.

Walifika Likasi kesho yake mchana, vumbi mpaka kwenye kope. Alphonse alikuwa ameegemezwa mto karibu na dirisha. Angèle alikuwa amepanga kuliingiza bunda kwa mlango wa uani na kulificha chini ya cherehani, lakini mgonjwa asiye na kazi huona kila kitu.

"Umeniletea kuku," Alphonse akasema. Akalinusa paja lile muda mrefu, akalilamba chumvi, akalirudisha. "Njo ya kule kwetu." Akalielekezea bunda la kitenge kidole. "Na hii?"

"Kikwembe ya bantu ya kanisa," Angèle akasema. "Biko na ndoa."

"Ndoa."

"Ndiyo, Baba Glodie."

Pumzi ya Alphonse ilisikika ikipanda na kushuka kwa tabu, kama msumeno butu.

"Yaya Marcelline anapenda rangi hii," akasema mwishowe, akimtaja dada yake. "Njo ile tulivaa ku kilio ya baba." Kisha, bila hasira hata kidogo: "Siku ile bote mutavaa mufanano. Sasa minye peke yangu njo sitavaa?"

Angèle alitaka kukana. Alifungua mdomo akane, na kilichotoka ni kilio, kile alichokuwa amekibana tangu mpakani. Alphonse akamngoja amalize. Hakumwambia anyamaze.

"Unishonee shemizi," akasema. "Ya mikono mirefu. Minataka kuivaa wakati ningali naweza kujiona mu kioo."

Basi akaleta utepe wa kupimia. Akamwinua taratibu, akampitishia utepe kifuani, na ncha zikakutana, zikapitana, zikaendelea kupitana. Hakutamka kipimo. Akamlaza, akatandika mezani kile kipande cha zawadi, akashika kipande cha sabuni, akachora mistari kwa kipimo cha kifua kipana cha yule kijana wa Kakontwe. Kipimo kile hakuhitaji kukipima. Mikono yake ilikijua.

Alphonse akamtazama akichora.

"Itakuwa kubwa," akasema.

"Utanenepa."

Mkasi ukaanza kutafuna kitambaa, pole pole, ukifuata mstari mweupe.

"Mama Glodie," akaita, macho tayari ameyafumba.

"Abe."

"Usisahau mufuko."

Angèle akapangusa uso kwa mkono wa blauzi, akapekua vipande vilivyoanguka chini ya meza, akitafuta kimoja cha kutosha mfuko.