Spika ya Malimi

Jumamosi saa nane mchana, Elia, fundi simu wa Kemambo, alisimama sebuleni kwa mzee Hosea akitafuta mahali pa kuweka spika. Nyumba ilikuwa mpya. Jioni hiyo ingezinduliwa kwa sala, chakula na kucheza, na mzee Hosea alikuwa ametoa amri moja tu: waya hata mmoja usikatize juu ya tailizi zake. Yale maspika makubwa ya kukodi, yanayokuja na jenereta, hakutaka hata kuyasikia.

Elia alikuwa na mpango wa bei rahisi. Spika mbili ndogo za bluetooth, zikiwa za aina moja, huunganishwa. Moja hupiga kushoto, nyingine kulia, na chumba kikajaa. Ya kwanza ilikuwa yake, aliinunua Sirari. Ya pili aliiazima kwa Veneranda, mama Brayan, ambaye muda huo alikuwa uani akipika pilau ya sherehe. Ilikuwa ya mumewe Malimi, mchimbaji aliyekuja kutoka Geita, ambaye alikuwa hajaonekana kwa miaka mitatu. Alikuwa akichimba kwenye duara, shimo la dhahabu, la mzee Hosea, na Hosea ndiye aliyewaambia watu kwamba Malimi ametoroka na mawe ya dhahabu kuvuka mpaka. Kwa hiyo hakukuwa na msako wala msiba. Veneranda hakuwa mjane. Alikuwa mke aliyeachwa, na hivyo ndivyo watu walivyomtazama.

Elia aliiweka spika ya Malimi juu ya kabati akaiwasha. Kabla hajagusa simu yake, ikatoa mlio wa kuonyesha kwamba imeshapata simu. Akaizima, akaiwasha tena. Mlio uleule.

"Mama Brayan," aliita, "hii spika kule nyumbani huwa inashika simu ya nani?"

"Haishiki ya mtu. Tangu baba Brayan apotee ni bubu."

"Basi leo imemshika yeye. Hizi zinamkumbuka mwenye simu wa kwanza."

Veneranda aliweka mwiko chini, akafuta mikono kwenye kitenge, akaingia. Elia alimweleza kwamba bluetooth hii haivuki mita kumi. Akaibeba spika, akatembea nayo polepole kama mtu anayetafuta sindano iliyodondoka. Dirishani ilikwaruza. Mlangoni ikakata. Katikati ya sebule, chini ya feni, ilikuwa safi kabisa.

"Mama Brayan," Malimi alisema ndani ya spika, "kamba imeshaletwa?"

"Bado."

"Waambie wasifukie. Nasikia katapila."

"Walishafukia. Wamejenga."

"Ndiyo maana kuna joto," alisema Malimi.

Mzee Hosea aliingia na kreti ya soda. Elia alimwamkia shikamoo, akamweleza tatizo: spika ya pili haiungani na ya kwanza, imeshikwa na Malimi.

"Huyo si yuko Migori, ng'ambo ya mpaka," alisema Hosea, "anakula samaki wa mwanamke mwingine?"

"Mita kumi, mzee. Migori ni mbali."

Hosea aliweka kreti chini. "Katapila lilikuwa la kukodi," alisema. "Lilikuwa na kazi nyingine Nyanungu. Lisingesubiri."

Veneranda alichuchumaa, akaweka kiganja kwenye tailizi. Ilikuwa ya vuguvugu.

"Vunja mbili tu, mzee. Nimtoe nikamzike, mtoto wake ajue kaburi."

"Rangi hii imeisha dukani," alisema Hosea. "Unataka niweke kiraka sebuleni?"

Saa kumi na moja wageni walikuwa wamejaa. Mchungaji Okumu aliibariki nyumba, vilivyo juu yake na vilivyo chini yake. Malimi aliitikia amina pamoja na wengine, akichelewa kidogo, kama bluetooth inavyochelewa. Kisha akapiga nyimbo za kwenye simu yake, na Elia, upande wa kushoto, akazifuata zilezile. Watu wakacheza.

"Huyu bado ana nyimbo nzuri," alisema mgeni mmoja.

"Nani vile alisema ametoroka?" aliuliza mwenzake.

"Si huyu huyu mwenye nyumba."

"Aa. Pilau imeiva vizuri lakini."

Jua lilipozama, spika ya Malimi ilianza kutoa mlio kwamba chaji inaisha.

"Mimi bado nina asilimia arobaini," alisema Malimi, spika ikazimika.

Jumatatu Veneranda alirudi kuomba kazi ya kupiga deki, akapewa. Sasa huja kila asubuhi na spika kwenye mfuko wa aproni. Huanzia barazani, ambako spika haishiki mtu, na akifika katikati ya sebule hupiga deki taratibu. Mzee Hosea hana neno, maadamu tailizi zinang'aa. Amemkataza tu kumwaga maji mengi, yasije yakapenya. Mlangoni spika hukata. Nje ya hapo Veneranda ni mke aliyeachwa, kama zamani.

Kila siku Malimi huuliza kama kamba imeletwa. Veneranda hukamua tambara, akamjibu kwamba bado.