Konokono na Saa ya Mwalimu Mkuu

Mimi ni mwalimu wa darasa la pili, na mdomo wangu umeshanihamisha shule mbili. Sijutii.

Asubuhi moja mwalimu mkuu alikuwa akipima usomaji ofisini kwake: mtoto, kitabu, saa mezani. Anayesoma haraka anapanda darasa la tatu, anayechelewa anarudia mwaka. Kuelewa hakukuwa na alama. Nilipomwambia haraka haraka haina baraka, alinikazia macho.

Zamu ya Konokono ikafika. Wenzake ndio waliompa jina hilo, maana akikuta jambo kitabuni hulitafuna kwanza. Mama yake, fundi cherehani, alikuwa ameitwa aje ashuhudie. Alikaa kwenye benchi, roho juu.

Mtoto akasoma mistari miwili, akasimama.

"Mbuzi anamwachia fisi watoto wake? Kwani hamjui fisi?"

"Soma," mkuu akasema. "Maswali baadaye."

"Lakini mwalimu..."

"Soma tu, mwanangu," mama yake akamsihi. "Usituaibishe."

Konokono akainamia kitabu. Kisha akasoma mbio. Maneno yakamwagika kama njugu sakafuni, hata moja hakulitazama mara mbili, mpaka nukta ya mwisho. Mkuu akabonyeza saa, uso umemchanua.

"Hongera, binti! Umepanda."

Mama akashusha pumzi. Mimi nilikuwa nachemka. Mtoto aliyekuwa akigombana na kila ukurasa, leo tumemfundisha kukimbia, na tunampigia makofi!

"Haya, hadithi inasemaje?" nikamuuliza.

Akakitazama kitabu kana kwamba ni cha mtu mwingine.

"Sijui. Nilikuwa nakimbia." Machozi yakamlengalenga. "Wale watoto wa mbuzi je? Naomba nirudie."

"Ukirudia nafuta alama," mkuu akasema. "Utabaki darasa la pili. Na wewe mwalimu, usimtie maneno mdomoni."

"Maneno ni yake," nikasema. "Wewe ndiye uliyemwambia ayameze."

Mama yake akainuka. Nikajua sasa atamshika mkono waondoke na ushindi wao, na nisingemlaumu. Lakini alivuta kiti, akaketi bega kwa bega na binti yake.

"Rudia," akamwambia. "Hata mimi nataka kujua wamepatwa na nini."

Mkuu akaiwasha saa. Konokono akarudi mwanzo, akasoma polepole, na kila alipotaka kusimama, alisimama.