Waisiko na Meno Yanayowasha

Waisiko wa darasa la tatu, shule moja huko Kenyamonta, aliuma watu watatu ndani ya wiki moja. Wa tatu alikuwa kiranja Erasto, aliyeumwa sikio. Mama yake Waisiko alipoitwa, alikuja na fimbo kabisa, asije akaikosa shuleni.

Mwalimu Philomena alimshukuru, akaifungia fimbo kabatini, akabaki na mtoto.

"Kabla hujauma, mwili wako unakwambiaje?"

Waisiko alifikiri. "Masikio yanapata moto. Halafu meno yanawasha."

"Yanaanza wakati gani?"

"Wakinicheka nikisema rara."

"Lala?"

"Ndiyo. Rara."

Philomena, Mhaya asiyejua kwamba Kikurya cha nyumbani kwa Waisiko hakina l, alikuwa amemfundisha mwaka mzima akidhani mtoto ana roho mbaya tu. Aliona aibu. Wakakubaliana: masikio yakipata moto, asingoje meno. Anyooshe mkono, atoke, anywe maji kwenye tangi, arudi.

Jumatatu Waisiko alisoma, "Simba amerara." Darasa likacheka. Akanyoosha mikono yote miwili, akatoka mbio, akarudi kidevu kinachuruzika maji. Hakuna aliyeumwa. Philomena nusura apige vigelegele.

Lakini kufika Alhamisi, masikio ya darasa zima yalikuwa yanapata moto, hasa kipindi cha hesabu. Mwalimu Mkuu Stanslaus alikuta madawati matupu.

"Darasa liko wapi?"

"Limekwenda kupoa, Mwalimu Mkuu."

Mkuu alikwenda kwenye tangi kwa hatua ndefu. Kabla hajanguruma, Philomena akawahi kuwauliza watoto mmoja mmoja: wewe nini kimekuudhi? Asiye na jibu, arudi kwenye hesabu. Wakabaki wawili: Teddy, ambaye tumbo humkata akiitwa ubaoni, na Waisiko.

"Na wewe?" mkuu aliuliza.

"Wananicheka nikisema rara."

Stanslaus, Mkurya wa kuzaliwa Nyakunguru, alikohoa. "Hata mimi chuoni nirichekwa sana."

Madirisha ya darasa la tatu yakalipuka kwa kicheko. Mkuu akageuka, mishipa imemsimama shingoni. Waisiko akamshikisha kikombe.

"Kunywa kwanza, Mwalimu."

Akanywa chote, akaomba cha pili.

Tangu siku hiyo Philomena aliweka sheria: anayemcheka msomaji ndiye anayesoma ukurasa unaofuata. Vicheko vikapungua. Muhula ule Waisiko aliuma mtu mmoja tu, na huyo alikuwa amemnyang'anya muwa.