Sifa ya Bega la Wesley

Kama ulimi wa Barnabas ungekuwa jembe, angekuwa amelima Magunga yote na kuvuka mpaka wa Tanzania. Sisemi hivi kwa ubaya. Ni jirani yangu, hunywa chai hotelini kwangu kila asubuhi, na mwanawe Wesley ndiye golikipa aliyetufanya sisi watu wa Suba Kusini tutajwe kwenye runinga. Lakini Jumamosi ile nilitamani kumfunga mdomo kwa kamba ya ng'ombe, na sikuwa peke yangu.

Ilikuwa siku ya uteuzi. Ligi mpya ya kulipwa ya kanda ya ziwa ilikuwa inaanza na vilabu vinane. Badala ya kila klabu kunyatia wachezaji kivyake, makocha wote waliitwa katika hoteli moja kubwa Homa Bay wachague kwa zamu, mbele ya kamera, na nchi nzima itazame. Kila klabu ingechukua golikipa mmoja tu. Wesley alikuwa na miaka ishirini na mbili, na huo ndio umri wa mwisho waliokubali. Akikosa leo amekosa kabisa, abaki hapa akidakia timu ya soko mpaka magoti yachoke.

Mwezi mmoja nyuma hatukuwa na wasiwasi hata kidogo. Walter, yule mchambuzi wa runinga anayevaa miwani ya kijani, alikuwa amempanga Wesley wa kwanza katika magolikipa wote. Tukatembea Magunga vifua mbele. Kisha Barnabas akapiga simu redioni.

Ni lazima nieleze, maana si kila msomaji amekulia huku. Mjaluo anaposikia ohangla hukaa akingoja nafasi ya kuusimamisha muziki. Akishausimamisha, anajisifu au anamsifu mtu wake kwa sauti, watu wanacheka, wanapiga makofi, muziki unaendelea. Hiyo tunaiita pakruok. Haina kiapo wala shahidi. Redio yetu ya Kijaluo ina kipindi chake Jumapili jioni, watu wanapiga simu kujisifia, na Barnabas hakosi. Mwaka jana alisema Wesley alipiga mpira ukavuka ua wa mbuga ya Ruma ukamwamsha twiga aliyekuwa amelala. Tulicheka mpaka machozi. Hakuna askari wa wanyamapori aliyekuja kuuliza habari za twiga.

Safari hii alisimamisha muziki akasema: yeye ndiye baba wa yule ambaye bega lake liliteguka katikati ya mechi, akalirudisha mahali pake kama mtu anayefunga mlango, kisha akadaka penalti mbili. Tulishangilia kama kawaida. Mechi yenyewe tulikuwepo, dhidi ya timu ya Mbita. Tulimwona Wesley akianguka, tukamwona Barnabas akikimbia nyuma ya goli na chupa ya maji na kuinama juu yake, mgongo umetuelekea sisi. Kijana akainuka, mechi ikaendelea. Zaidi ya hapo hatukuona kitu.

Siku mbili baadaye sauti ya Barnabas ilikuwa kwenye runinga. Walter aliitafsiri neno kwa neno, taratibu, kama daktari anayesoma majibu. Mtoto wa Nairobi huyo, Kijaluo anakijua lakini utani wake haujui. Akamtoa Wesley nafasi ya kwanza, na chini ya picha yake wakaandika kwa herufi nyekundu: BEGA?

Tangu hapo tulilala vibaya. Tulipiga simu studio kueleza, wakatuambia ahsante kwa maoni yenu. Bravin, kiongozi wetu wa mashabiki, aliandika mtandaoni mpaka kidole kikamvimba. Kila tulipoeleza kwamba ni sifa tu, bega lilizidi kuzungumzwa. Barnabas mwenyewe aliacha kula mandazi. Anayemjua Barnabas ataelewa hilo lina uzito gani.

Basi Jumamosi watu wakajazana hotelini kwangu, wengine madirishani. Runinga ya Magunga yenye kioo kikubwa ni yangu, ukiacha ile ya kinyozi ng'ambo ya barabara. Kezia, mwandishi wa habari, alikuja na kamera yake kutoka Homa Bay, kwa sababu runinga ilitaka kuonyesha familia zikipokea habari. Msichana mpole, ana heshima. Alitufundisha jambo moja.

"Mama Jeff, mkijiona kwa TV msishtuke," aliniambia. "Picha inachelewa kufika, kama dakika moja au mbili. Unafanya kitu hapa, unajiona baadaye."

Na kweli. Unaweza kumaliza andazi zima kabla hujajiona ukiliuma. Watu walilicheka jambo hilo kwa muda, wakapungiana mikono na kungoja kujiona wakipunga. Nadhani ndicho kicheko cha mwisho tulichocheka kwa raha.

Wesley alikuwa amekaa mbele, shati jeupe, kando ya baba yake. Nilimpa chai akaishika kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ulikuwa umelala mapajani. Nilidhani ni hofu, nikamwongezea sukari.

Uteuzi ukaanza. Kisumu wakachukua golikipa kutoka Ahero. Tukasema sawa, Kisumu wana watu wao. Siaya wakachukua wao, Kisii wakachukua wao, na vilabu vitatu vingine vikafuata. Kila kocha alipokaribia kutaja golikipa, Walter alisogea kwenye maikrofoni: "Na Wesley wa Magunga bado yupo, lakini swali ni lile lile, bega." Mtu nyuma alimtukana kwa Kijaluo, nikamkumbusha kuwa hapa ni hoteli na kuna watoto. Moyoni nilikuwa nimeshamtukana mimi mara mbili.

"Wasee, tulieni," Bravin alisema, ameshika ile pembe yetu ya kupuliza, oporo, ameikumbatia tumboni. "Homa Bay hawezi tuacha. Sisi ni watu wao."

Ilipofika zamu ya Simbi wa Homa Bay, palibaki vilabu viwili tu visivyo na golikipa: wao na Dhahabu ya Migori. Nikawaona watu wakishikana mikono, watu ambao wiki nzima hawasalimiani kwa sababu ya mpaka wa shamba. Kocha wa Simbi alisimama, akakohoa, akataja kijana wa Rongo.

Sikumbuki kelele. Nakumbuka kijiko kikianguka jikoni. Barnabas aliinamisha kichwa mpaka nikaona upara wake wote.

Sasa palibaki Migori. Hao tumewazomea miaka yote. Kocha wao ni Mwikwabe, Mkuria mrefu asiyetabasamu hovyo. Alisimama na karatasi yake, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Kabla sijataja mtu," alisema, "nataka kumsikia huyo mzee wa redio. Mimi sijui Kijaluo. Naletewa maneno na watu. Aniambie mwenyewe, kwa Kiswahili."

Kezia aliruka. Aliniomba nizime sauti ya runinga, akaweka simu yake kwenye spika tumsikie kocha moja kwa moja, akamsogezea Barnabas maikrofoni. Kitaa chekundu cha kamera kikawaka. Watu wakaacha kutafuna.

"Mzee," sauti ya Mwikwabe ikatoka kwenye simu, "bega ya kijana ilitoka ama haikutoka?"

Barnabas alisimama. Alimtazama mwanawe, Wesley akatazama kikombe.

"Kocha," alisema, "ile ilikuwa pakruok. Sisi Wajaluo tunasifu. Ni maneno ya muziki."

"Sijakuuliza muziki."

"Bega yake haijawahi toka. Hata siku moja." Akaisogeza maikrofoni karibu. "Na hizo penalti hazikuwa mbili. Alishika moja. Hiyo ingine ilienda nje yenyewe."

Kicheko kidogo kikatoka dirishani, kikafa. Barnabas hakuishia hapo. Ni kama alifungua mlango wa zizi na ng'ombe wote wakatoka. Akasema kijana ni mzuri lakini si wa ajabu. Akasema krosi za juu zinamsumbua. Akasema na yule twiga wa Ruma hakuwepo.

Kwetu mtu huomba radhi kwa wizi, kwa matusi, hata kwa kulewa matangani. Kwa sifa sijawahi kuona. Kumvua mtoto wako sifa mbele ya watu, moja baada ya nyingine, kwa lugha unayotumia kwa chifu na kwa polisi, hilo nililiona siku ile tu. Nilikuwa nimemkasirikia mwezi mzima. Hasira ikaniisha pale pale, nikabaki na huruma.

"Kwa hivyo wewe ni mwongo?" Mwikwabe aliuliza.

"Ndiyo, kocha. Mimi ni mwongo."

Tulisikia watu wakicheka huko hotelini Homa Bay, wale wenye suti. Kisha Mwikwabe akasema, na nadhani naye alikuwa karibu kucheka, "Baba mwongo si shida. Ile nilikuwa naogopa ni bega." Akapaza sauti. "Dhahabu ya Migori inachukua Wesley, golikipa, kutoka Magunga."

Simu ikakatika. Sijui nieleze vipi. Meza ilipinduka. Wanaume wazima walilia. Mimi mwenyewe, mwanamke wa miaka hamsini, nilimkumbatia mtu ambaye ana deni langu la chai na hata sikulikumbuka. Tulisahau kwamba ni Migori, tulisahau kwamba tuliwahi kuwazomea. Nikachukua rimoti nikapandisha sauti ya runinga mpaka mwisho, maana picha ilikuwa bado nyuma yetu na nilitaka kulisikia jina lile mara ya pili.

Bravin akatupa oporo, akamkimbilia Wesley na wenzake wawili wamwinue juu kama tunavyofanya baada ya ushindi. Mmoja akashika mguu, mmoja akashika kiuno, Bravin akaukamata ule mkono wa kulia, akauvuta kwenda juu.

"Si huo mkono!"

Barnabas alipiga yowe hilo kwa Kiswahili. Labda kwa sababu kilikuwa bado mdomoni mwake. Bravin akaachia kama aliyeshika sufuria la moto. Wesley alikuwa amefumba macho, uso umepauka, na mkono wa kushoto umeshika bega la kulia ukilibana mahali pake. Hakutoa sauti. Alikuwa ameizoea hali ile, hilo lilionekana wazi kwa kila mtu.

Nikakumbuka mgongo wa Barnabas nyuma ya goli siku ile ya Mbita, na jinsi alivyokuwa ameinama, na chupa ya maji ambayo hakuifungua. Katika sifa zote alizowahi kutunga mtu yule, moja ilikuwa kweli, na ndiyo hiyo aliyoikana.

"Wuon Wesley," nilimwita polepole. Baba Wesley.

"Nyar Takawiri," alinijibu, kwa jina la kisiwa nilikozaliwa, "ningefanya nini?"

Ndipo sote tukakumbuka kwa pamoja. Vichwa vikageuka kwa Kezia. Alikuwa ameganda nyuma ya kamera, mkono mdomoni, na kitaa chekundu kilikuwa bado kinawaka. Alikizima. Lakini kilichokwenda kilikuwa kimekwenda, kiko njiani.

Tukageukia ukutani. Kwenye runinga Barnabas ndiyo kwanza anasema yeye ni mwongo. Wenye suti wakacheka. Mwikwabe akasema lile la baba mwongo, akataja jina, na Magunga yote ikalipuka ndani ya kile kioo. Meza ikapinduka tena. Nikajiona nikimkumbatia yule mdaiwa wangu, nikajiona nikinyanyua rimoti. Sijawahi kuwatazama watu wenye furaha kwa hofu kama ile. Mtu mmoja alianza kusali kwa sauti ya chini. Wesley alisimama wima, bega mkononi, akijitazama akiwa ameketi na bado anatabasamu.

Kwenye kioo Bravin akatupa oporo.

Barnabas alininyang'anya rimoti akazima. Kioo kikawa cheusi, tukajiona humo tumesimama.

Ng'ambo ya barabara, kwa kinyozi, runinga ilikuwa bado inaongea. Tulisikia shangwe zetu wenyewe, tukasikia yowe moja likizikata, kisha kimya. Halafu ikaja sauti ya Walter, taratibu kama kawaida yake, ikiuliza: "Mkono upi?"