Haipo Ghalani

Bibi alikaa kwenye kiti cha kupimia masikio, mkoba mapajani. Mumewe alikaa pembeni yake, ameegemea fimbo. Kifaa kipya cha kusikia kilikuwa tayari nyuma ya sikio la kulia la Bibi, nacho kilikuwa kinawaka, lakini kifaa kisichorekebishwa kwa kompyuta ni kelele tu. Hukuza feni, mlango na kikohozi sawasawa na maneno. Kazi yangu hapa kliniki ni kukilinganisha na sikio la mtu.

“Usiwe na wasiwasi, daktari,” Bibi alisema kwa sauti ya juu, kama wasemavyo wasiojisikia.

“Mimi si daktari, Bibi. Ni fundi wa vifaa tu.” Nilisema nikimtazama usoni ili aisome midomo yangu.

“Haya, daktari fundi.”

Masikio yake yalififia zamani, na kwa miaka yote hakutaka kifaa. Alikuwa akimsoma mumewe mdomo. Kisha Mzee akapatwa na kiharusi, mdomo ukapinda upande. Sauti ilibaki, ukimsikiliza unamwelewa, ingawa maneno yanajivuta. Ukimtazama tu, huambulii kitu.

“Kitabu changu kimekunjwa kurasa,” Bibi alisema akimwonyesha mumewe kwa kidole. “Tangu augue sijui anasema nini. Naona ananung'unika tu.”

“Sinung'uniki,” Mzee alisema.

“Unaona? Ananung'unika.”

Nilicheka, nikageukia kompyuta. Jumamosi iliyopita shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye sote tunamwita Profesa, aliibadilishia mfumo wa kuiendesha. Ule wa zamani ulikuwa umejaa virusi na ulichukua muda mrefu kuwaka. Alikuja na zana zake, akafuta kila kitu, akaweka mfumo mwingine, wa bure. Hakutaka hata nauli. Nilimshukuru, na bado namshukuru. Kompyuta sasa inawaka upesi. Wala hakunificha kwamba ni mfumo tofauti. Mimi ndiye niliyedhani tofauti ni rangi na picha.

Programu ya kurekebisha vifaa nilikuwa nimeitunza kwenye flashi kama mbegu. Nilijua namna ya kuipanda: unabofya mara mbili, unabonyeza Endelea, Endelea, Kubali, Maliza. Hivyo ndivyo nilivyojifunza bila mwalimu, na haijawahi kunigomea. Nikabofya. Faili likafunguka kama mfuko wa takataka, nikaviona vipande vyake vya ndani, visivyo na kichwa wala miguu. Nikafunga, nikabofya tena. Vipande vilevile. Nikadhani labda flashi imeharibika, nikaipakua programu upya kutoka mtandaoni. Vipande.

Nikampigia Profesa, nikamweleza.

“Shemeji,” alisema, “bado unanunua mlangoni kwa wapita njia? Huku hatufanyi hivyo. Kuna ghala. Unaingia, unataja jina la programu, mwenye ghala anakupa na kukusimikia.”

Niliingia ghalani, nikaandika jina. Zilikuwemo za kuchora, za muziki, za kupiga hesabu. Yangu haikuwemo.

“Haipo ghalani,” nilisema.

“Haipo kabisa?”

“Kabisa.”

“Basi waliitengenezea mfumo ule wa zamani peke yake. Ngoja, ipo programu inayouigiza ule mfumo. Fungua dirisha jeusi la amri, uandike ninachokutajia.”

Niliandika herufi kwa herufi. Dirisha likaomba neno la siri. Nikabonyeza, hakuna kilichoonekana. Nikabonyeza kwa nguvu zaidi, nikachomoa kibodi na kuichomeka upya.

“Haiandiki, shemeji.”

“Inaandika. Inakuficha tu.”

“Inanificha mimi mwenyewe?”

“Kuku mgeni hakosi kamba mguuni,” alisema akicheka. “Andika, kisha bonyeza ingiza.”

Ikakubali. Maandishi yakapita mbio, na yalipotulia nikabofya faili langu. Likaja dirisha ninalolijua: Endelea. Endelea. Kubali. Maliza. Bibi aliuona uso wangu, akajiweka sawa kitini na kutengeneza mtandio wake. Mzee naye akakohoa kusafisha koo, kama mtu anayejiandaa kuhutubia.

Nikaichomeka waya ya kifaa. Programu ikazunguka, ikatafuta, ikaandika kwamba hakuna kifaa kilichounganishwa. Nikabadili tundu, nikabadili waya. Hakuna kifaa. Nacho kilikuwa palepale, nyuma ya sikio la Bibi, kinawaka.

“Mbio za sakafuni huishia ukingoni,” Profesa alisema kwa upole nilipomweleza. “Hapo sina dawa, shemeji; uigizaji hauvioni vifaa vya nje. Itabidi nikurudishie mfumo wa zamani. Niko safarini hadi kesho jioni.”

Nje honi ililia. Bibi na Mzee walikuwa wamekuja kwa gari la mpwa wao, dereva wa masafa marefu, ambaye angeondoka alfajiri. Hawakujua atarudi lini.

Nikamgeukia Bibi, nikasema polepole, “Bibi, leo imeshindikana.”

Aliisoma midomo yangu hadi mwisho. “Wewe nakuelewa vizuri,” alisema. “Basi mwulize yeye, kisha uniambie. Kwa nini aliusukuma mkono wangu siku ile nilipompa chai?”

Mzee alinijibu mimi. Nikasogeza kiti, nikamwambia Bibi: “Anasema hakukasirika. Alikuwa akikuambia chai ni ya moto mno.”

“Ya moto!” Bibi alijipiga paja. “Nami tangu siku ile nampa baridi.”

“Mwambie nainywa hivyohivyo,” Mzee alisema. Nikamwambia.

Mzee akainama mbele, akaanza neno jingine. Akanitazama, akautazama mdomo wangu, akaacha.

“Hili si la mdomo wako, mwanangu,” alisema.

“Amesema nini?” Bibi aliuliza.

Honi ililia tena.

“Amesema lingine atakuambia mwenyewe.”

Bibi alimgeukia mumewe, akamshika kidevu na kuuelekeza uso wake kwenye mwanga wa dirisha. Mzee akasema. Alisema neno lile mara mbili, mara ya pili kwa sauti, nami nililisikia lote. Bibi aliutazama mdomo ule muda mrefu, kisha akatikisa kichwa. Hakuambulia kitu.