Ute Kwenye Sinki la Maabara

Harufu ilinipokea mlangoni: soksi mbichi, na nyuma yake kitu kama mayai viza. Shangazi, mfanya usafi wetu, alikuwa amepiga magoti akivuta ute mrefu kutoka kwenye bomba la sinki na kuutia ndooni. Glavu zake zilikuwa zimetoboka siku nyingi, akafanya kwa mkono mtupu.

"Kamasi za shetani hizi," alisema. "Mnapika nini humu, mwanangu?"

Nilijua tunachopika. Viumbe hujenga protini kwa aina ishirini hivi za asidi amino. Bakteria wetu tuliwaongezea moja zaidi, ya kutengenezwa, tukawafunga nayo: wakiikosa, wafe. Kwa kuamini hivyo, mkuu wa maabara alikuwa akimwaga mabaki sinkini mwezi mzima bila kuyachemsha kwanza kuua bakteria. Leo ripoti ya usalama ilingoja saini yangu tu, ili jengo zima liruhusiwe kufanya vivyo hivyo.

Juzi nilipaka ute wa sinki hilo kwenye sahani tatu za kuoteshea bakteria, zisizo na asidi yetu. Zilipaswa kubaki tupu. Nilipozifungua sasa nilikuta madoa mazito, yenye majimaji kama usaha. Sikuharakisha kuhukumu, maana hata bakteria wa kawaida wa sinki huota. Nikawasha taa ya zambarau. Madoa yakang'aa kijani, alama tuliyowatia wetu peke yao.

"Ah, fundi, unakuza mambo," alisema mkuu, aliyekuwa ameingia akitafuna biskuti juu ya sahani zangu. "Vidoa tu hivyo. Pangusa na spiriti, andika safi, tia saini. Hawamdhuru hata mtoto mchanga."

"Una hakika, mzee?"

"Kabisa!"

Nikamsogezea ndoo. "Basi msaidie Shangazi kutoa ute uliobaki. Kwa mkono, kama yeye."

Alichungulia. Ute ulikuwa ukiteleza taratibu ukingoni. Taya zake zilisimama. Akarudi nyuma, akajifuta vidole kwenye koti ingawa hakuwa amegusa kitu.

"Hiyo si kazi yangu," alisema.

Niliacha kutazama ndoo, nikamtazama yeye, kisha nikaivuta ripoti.

Nikaandika: "Sahani tatu, zote zimeota. Ni bakteria wetu, na wanaishi bila asidi. Mabaki yasimwagwe bila kuchemshwa." Nikatia saini. Nikampa Shangazi sabuni na glavu zangu, kisha nikaanza kuchemsha mabaki ya siku ile, chupa baada ya chupa.

"Utajuta," mkuu alisema.

"Huenda," nilijibu, nikafunga kifuniko.