Tonge la Kufumba Macho

Ebenezer alipokaa kula, mkono wa kushoto ulishika simu na wa kulia ulijiendea wenyewe, sahanini na kinywani, kama ng'ombe anayejua njia ya zizini. Macho yalikuwa kwenye mabishano ya mpira na vijana wenzake wa Bahi. Sahani ikiisha husema, "Asante mama Salwa, chakula kizuri," akanawa, basi.

Jumamosi moja mchana, nyumbani kwao Msalato, mkewe Devota alimsubiri amalize kunawa.

"Baba Salwa, umekula nini?"

Ebenezer akaitazama sahani. Ilikuwa nyeupe kabisa. "Wali," akasema. Alipoona sura ya mkewe akaongeza, "Na mchuzi."

"Ulikuwa ugali."

Ebenezer akaichungulia tena sahani.

"Kesho utakula umefumba macho," Devota akasema. "Unitajie kila kilichomo chunguni. Ukishindwa, vyombo vyote utaosha wewe mpaka Krismasi."

Ebenezer akakubali papo hapo. Mtoto wa Bahi, aliyekuzwa kwa uwele na mlenda, ashindwe kukitaja chakula cha nyumbani kwake?

Kesho yake, walipotoka kanisani, Devota akamfunga kanga machoni na kumnawisha. Tonge la kwanza Ebenezer alilimeza zima kwa mazoea. Akapigwa kidole kwa mwiko.

"Tafuna."

Akatafuna. "Uwele," akasema. Uwele ulikuwa na ule uchungu wake mdogo unaobaki nyuma ya ulimi. Alishangaa kwamba alikuwa ameusahau. Akachovya tonge la pili. "Maharage. Kitunguu. Nyanya." Maharage yalikuwa laini, yanapasuka yenyewe ulimini, na ndani yake mlikuwa na utamu fulani mzito. Akautafuta huku na huku kwa ulimi, kama mtu anayepapasa ufunguo mfukoni.

"Nazi," akasema.

Devota akauweka mwiko chini.

"Tena ya kukuna. Nimeikuta chicha kwenye jino." Ebenezer akaacha kutafuna. "Mama Salwa, humu ndani hatuna mbuzi ya kukunia nazi."

Kiti cha Devota kikalia.

"Haya maharage ni ya nani?"

Akaishusha kanga. Mkewe alikuwa anatazama dari.

"Ya Stara," akasema. Stara alikuwa jirani yao, muuza vitenge, mwenye familia kubwa na sufuria kubwa zaidi. "Wakati ule nasahihisha mitihani ya wanafunzi nilichoka, nikampelekea unga wa uwele, naye akanipa mboga. Tukaendelea hivyo."

"Mitihani si iliisha zamani?"

"Iliisha. Lakini hukuuliza, na mimi nikawa nangoja nione utagundua lini. Jana nikaona nisipokufunga macho nitangoja mpaka uzee. Hata hivyo nilidhani utaishia kwenye uwele."

Ebenezer alitaka kukasirika, akakosa pa kuanzia. "Na siku zote hizo nakushukuru wewe."

"Shukrani zako nilikuwa nazifikisha."

Hapo kicheko kikamtoka, na Devota naye akacheka huku akishusha pumzi, maana alikuwa na wasiwasi kweli. Wakala kilichobaki pamoja. Ebenezer akachukua matonge madogo, na kila mara alisimama kidogo kabla ya kumeza, mpaka mkewe akamwambia kula polepole si kusinzia.

Jumamosi iliyofuata Devota alipika mwenyewe, mlenda wenye karanga. Akakaa mbele ya mumewe kama mwanafunzi anayesubiri matokeo.

"Karanga zimekaangwa vizuri," Ebenezer akasema. Akafikiri. "Chumvi imezidi."

Devota akaonja. Ilikuwa imezidi.

"Basi kula na ugali mwingi," akamwambia.

Ebenezer akakata tonge kubwa, akalichovya, akalinyanyua taratibu ili apate ladha yote. Mlenda ukavutika kama uzi kutoka bakulini hadi kidevuni kwake, haukatiki, naye amekodoa macho asijue avute au arudishe, na Devota akacheka hata akalazimika kuiweka sahani yake chini.